Taa Isiyojua Kuzima Usiite Erevu

Wadau, leo nina ugomvi na watu wa kazi yangu. Baadhi yao ni marafiki, tumekula pweza pamoja, kwa hivyo nitajaribu kuandika kwa adabu. Nitajaribu.

Ugomvi wenyewe ni huu. Kuanzia Diani, ukishuka Galu mpaka kule Msambweni, mtindo ni kufunga mikanda ya LED za rangi upande wa bahari. Zamani ilikuwa balbu moja juu ya mlango na hadithi ikaishia hapo. Sasa ni rangi zinazokimbia ukingoni mwa bwawa la kuogelea, rangi zinazojizungusha kwenye minazi, rangi chini ya paa la makuti, na mahali fulani nyuma yake pamejificha kibodi kidogo, Arduino au ESP32, kinachozibadilisha kufuata muziki au simu ya mwenye nyumba. Anayefunga anaiita taa erevu. Anayelipa anaamini. Mimi nasema hakuna werevu hapo. Taa inayopiga bluu na nyeupe kuelekea mchangani tangu magharibi mpaka alfajiri, awepo mtu asiwepo, ni pumbavu kuliko ile balbu ya zamani. Na katika ufuo huu wetu, inaua.

Naam, inaua. Tuanze hapo, ya waya na programu yatafuata.

Ufuo huu ni mahali pa kasa kutaga. Anayetaga zaidi ni yule wa kijani ambaye wengi wetu tunamwita kasa tu. Ng'amba naye yupo, ila ni wa nadra. Jike hupanda mchangani usiku, huchimba shimo, hutaga mayai mia moja na zaidi, hufukia, kisha hurudi majini kabla hakujapambazuka. Mayai hukaa chini ya mchanga kwa muda unaokaribia miezi miwili. Halafu siku moja watoto hutoka, karibu wote kwa mkupuo, na karibu kila mara ni usiku, mchanga ukiwa umepoa. Kila mmoja ana urefu wa sentimita tano hivi. Hana mama wa kumwonyesha njia. Ana kanuni moja tu kichwani: nenda kwenye mwanga ulio chini kwenye upeo wa macho, kimbia kiza kilichosimama juu.

Ukiitazama kama mtu wa programu, ni kanuni nzuri sana. Bahari iliyo wazi huakisi mwanga wa mwezi na nyota. Nyuma ya mchanga, mivinje na vichaka ni ukuta mweusi. Mstari mmoja wa msimbo, umefanya kazi kwa mamilioni ya miaka bila kuhitaji marekebisho. Kisha tukaja sisi, tukaweka mwanga pale palipokuwa na ukuta mweusi.

Mtoto wa kasa hajui habari za bwawa la kuogelea. Anaona upande wa nchi kavu unang'aa kuliko bahari, anageuka, anatambaa kuelekea huko. Kaa wanamngoja. Mbwa wanamngoja. Akifanikiwa kuwakwepa, jua linamkuta amekwama kwenye nyasi za bustani na kunguru ameshaamka. Jike naye hana nafuu, maana akipanda akakuta ufuo unawaka, mara nyingi hugeuka na kurudi baharini bila kutaga. Kadirio linalotajwa sana ni kwamba hata mambo yakienda sawa, ni mtoto mmoja tu katika elfu anayefika utu uzima, na huchukua miaka ishirini na zaidi kukomaa. Kwa hesabu hiyo, wale tunaowapoteza usiku wa leo ndio ambao wangerudi kutaga hapa karibu mwaka 2050.

Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inamlinda kasa. Bahari ya hapa mbele yetu ilitangazwa kuwa hifadhi ya Diani-Chale tangu 1995. Wako watu wa Diani Turtle Watch, walio chini ya shirika la Local Ocean Conservation la kule Watamu, ambao kazi yao ni kuvitafuta viota, kuvilinda, na kuvihamisha vile vilivyo hatarini. Hao wanatembea mchangani gizani. Sisi tumekaa na kompyuta kwenye kiti cha kamba, tunawaongezea kazi kwa mkanda wa LED ulioagizwa mtandaoni.

Hapa ndipo fundi mwenzangu huniambia: "Sawa ndugu yangu, nimekuelewa. Basi nitaiweka rangi ya machungwa."

Hilo jibu ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Ni kweli kwamba rangi inahesabika. Mwanga wa mawimbi mafupi, yaani bluu na kijani, ndio unaowavuta zaidi kasa. Mawimbi marefu, machungwa na nyekundu, huwasumbua kidogo sana. Kule Florida, Marekani, ambako jambo hili limechunguzwa kwa miongo mingi, kipimo kinachotumika kwa taa za ufuoni ni nanomita 560 kwenda juu. Kwa hiyo LED ya machungwa halisi, ya nanomita 590 hivi, inafaa. Nyekundu ya 620 inafaa zaidi.

Lakini mkanda wenye WS2812B, ule ambao kila mmoja wetu anao kwenye droo, hauna LED ya machungwa. Ndani ya kila pikseli kuna LED tatu: nyekundu ya nanomita 620 hivi, kijani ya 520 hivi na bluu ya 465 hivi. Ukiandika kwenye programu kwamba unataka machungwa, kinachotokea ni kwamba nyekundu inawaka sana na kijani inawaka kidogo. Jicho la binadamu linazichanganya, linakuambia "machungwa". Ni hila ya jicho. Hewani hakuna wimbi hata moja la 590. Kuna 620, na kuna 520, na ile 520 iko chini ya mpaka palepale ilipokuwa kabla hujabadilisha namba kwenye programu. Umemdanganya mgeni wa hoteli. Kasa hujamdanganya.

Balbu nyeupe "yenye joto" ni ugonjwa huohuo kwa jina jingine. LED nyeupe karibu zote za dukani ni LED ya bluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya ile bluu kuwa manjano. Ile ya "joto" imepakwa unga mwingi zaidi, basi. Bluu imepungua, haijaondoka, na kijani imejaa tele.

Huniamini? Usiniamini. Chukua CD kuukuu (najua unazo, zile za nyimbo za 2004 ambazo hakuna mashine ya kuzichezea tena). Zima taa zote ibaki moja unayoipima. Uelekeze upande unaong'aa wa CD kwenye taa na uinamishe polepole mpaka mwanga ujichanue kama upinde wa mvua. Taa ya machungwa ya kweli itakuonyesha mstari mmoja. Ile ya kuchanganya itakuonyesha miwili, mwekundu na wa kijani, na katikati yao pengo. Balbu nyeupe yenye joto itakuonyesha upinde mzima, bluu ikiwemo. Kipimo hiki hakina gharama, na tangu nianze kutembea na CD mkobani nimeona maandishi mengi ya uongo kwenye maboksi ya taa.

"Basi nitawasha nyekundu peke yake kwenye mkanda uleule." Hilo nalo nimeambiwa, na kidogo lina mantiki. Tatizo ni kwamba LED ya bluu bado imo ndani. Programu ikikosewa, itawaka. Data ikichafuka kwenye waya mrefu, pikseli hujivalia rangi ambayo hakuna aliyeiomba. Mtoto wa mgeni akishika simu, itawaka tena kwa furaha kubwa. Sisi watu wa programu tunapenda kuamini kwamba kila kitu kinazuilika kwa programu. Kizuizi kizuri kuliko vyote ni kutokuwa na hicho kitu kabisa. Taa isiyo na LED ya bluu ndani haitawaka bluu hata mwandishi wa programu akilala usingizi.

Sasa tuje kwenye hilo neno, taa inayoitikia. Ndilo linalouzwa. Inaitikia nini? Muziki. Kidole cha mwenye nyumba. Mimi nasema hiyo ni rimoti ya bei ghali. Kuitikia kwa kweli ni taa kujua kuna mtu au hakuna, ni saa ngapi, kiza kimeingia au bado, na kufanya uamuzi bila kuambiwa. Na katika ufuo wa kasa, uamuzi wa maana ni mmoja, ule wa kuzima.

Arduino ilizaliwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, ili wanafunzi wa ubunifu wasiokuwa wahandisi waweze kuvipa vitu akili kidogo. Somo la kwanza la kila mtu ni lilelile, LED moja inayowaka sekunde moja na kuzima sekunde moja. Somo la pili, siku hizi, ni mkanda wa upinde wa mvua. Hapo ndipo wengi wanapotia nanga. Nimefungua masanduku ya taa za watu huku kusini nikasoma programu zilizomo, na karibu zote ni upinde wa mvua ulionakiliwa, na katikati yake delay(), kisha delay(), kisha delay() tena. Kwa wale wasioijua, delay() inaiambia chipu isimame isifanye lolote mpaka muda uishe. Kibodi kilichoambiwa kisimame sekunde kumi ni kiziwi kwa sekunde kumi. Unaweza kukifungia sensa za dunia nzima; hakisikii.

Na mkanda wenyewe unakila kibodi kizima. Hebu tupige hesabu. Mita 10 za mkanda wa pikseli 60 kwa mita ni pikseli 600. Kila pikseli inahitaji baiti 3 za kumbukumbu, jumla 1,800, na Arduino Uno ina baiti 2,048 tu. Kupeleka rangi ya pikseli moja ni mikrosekunde 30, kwa hiyo pikseli 600 ni milisekunde 18, na katika muda huo wote maktaba za kawaida huzifunga masikio ya chipu ili mpangilio wa data usivurugike. Ukitaka picha 30 kwa sekunde, saa ya ndani ya Uno inaweza kupoteza karibu nusu ya muda wake. Yaani unamwomba mtu akae macho alinde ufuo, huku umemfunga kitambaa na kumvuruga saa. Umeme je? Pikseli moja ikiwaka nyeupe kamili hula miliampea 60 hivi. Mara 600 ni ampea 36 kwa volti 5, wati 180. Kwa nyumba ya Msambweni inayotegemea sola hiyo si taa, ni mfugo.

Mimi ninachofunga kinachosha kukitazama. LED tatu za machungwa halisi au nyekundu, zikiwa mfululizo na rizista moja ya omu 330, kwa volti 12. Kila mfululizo unakula miliampea 18 hivi. Ungeweza kupanga LED tano na rizista ndogo, na ingekuwa na ufanisi zaidi kwenye karatasi, lakini betri ya sola ikiwa inachajiwa hupanda mpaka volti 14.4, na hapo mkondo kwenye mpango wa LED tano unaruka zaidi ya mara mbili. Kwa tatu unapanda mpaka 25 hivi. Nusu ya umeme unaishia kwenye rizista, najua, usinitumie hesabu. Mifululizo minne ni LED 12 na hata wati moja haifiki. Mosfeti moja ya kuwashia, na hakikisha ni ya aina inayofunguka kwa volti 5 za pini ya kibodi. IRLZ44N inafunguka. IRF520, ambayo ndiyo unayopewa ukiomba "mosfeti ya Arduino", kwa volti 5 inafunguka nusunusu kisha inachemka. Sensa ya mwendo, saa ya DS3231 yenye betri ya kidonge, kibodi kidogo chochote. Vitu hivi unavipata Luthuli, Nairobi, kwa pesa zisizofika bei ya mita chache za ule mkanda wa upinde wa mvua.

Programu ina hali tatu: KIZA, IMEWAKA, INAFIFIA. Inaanza KIZA. Kila njia, hata ya kosa, hata sensa ikifa, inarudi KIZA. Stima ikikatika na kurudi saa nane za usiku (na wewe mkazi wa Kwale unajua hiyo si mfano wa kitabuni), taa inaamka kwenye KIZA na kubaki hapo mpaka ione mtu. Mikanda mingi ya kununua huamka ikiwa imewaka kwa nguvu zote. Hebu fikiria ufuo mzima ukiwaka mara moja katikati ya usiku mtulivu wa Juni kwa sababu stima imerudi, na hakuna binadamu hata mmoja aliye macho kuona.

Mwendo ukionekana, taa inapanda polepole kwa sekunde moja mpaka asilimia 30. Inakaa dakika mbili. Mwendo ukiendelea, muda unaanza upya. Ukikoma, inafifia. Yote hayo ni kulinganisha muda kwa millis(), hakuna delay() hata moja.

Habari ya saa ya machweo msijisumbue. Nimeona watu wanapachika kanuni za unajimu kwenye chipu ndogo. Sisi tuko nyuzi nne na kidogo kusini ya ikweta! Jua letu linatua kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini, mwaka mzima. Andika saa kumi na mbili na nusu, uende ukale.

Sensa ndizo zenye visa. Ile ya mwendo, HC-SR501, haimuoni mtu. Inaona joto linalohama mbele ya mandhari yenye joto tofauti. Kwenye karatasi inafika mita 7. Lakini Februari, ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa na jua mchana kutwa bado una moto saa mbili za usiku, tofauti kati ya ukuta na ngozi ya mtu inakuwa ndogo, na mita 7 zinaweza kuwa 4. Kwa hiyo pima usiku wa joto, usipime Julai upepo wa kusi ukivuma ukajisifu. Halafu kuna komba. Diani ina komba wengi, na komba ni mnyama wa usiku mwenye damu moto anayependa kuruka hasa mbele ya sensa yako. Elekeza sensa chini, iangalie njia ya miguu peke yake, na uifunike pembeni kwa kipande cha bomba. Ukitumia sensa ya mwanga, iweke mahali isipoiona taa yake mwenyewe, la sivyo taa itawaka, sensa itadhani kumekucha, itazima, sensa itadhani usiku umeingia... utakuwa umetengeneza disko bila kukusudia. Na chumvi! Hewa ya bahari inakula shaba. Kila kiungo cha lehemu kipake rangi ya kucha, ile ya kawaida ya duka la vipodozi Ukunda. Usicheke, inadumu.

Najua mnachotaka kusema. Usalama.

Hoja hii naiheshimu, kwa sababu wizi upo na mlinzi anayelala nje ni binadamu mwenye watoto. Lakini hebu muulizeni mlinzi mwenyewe. Mmoja wa koteji ya Galu, anayekaa chini ya taa kubwa nyeupe iliyoelekezwa mchangani, aliniambia hivi: "Mkubwa, hii taa inanionyesha mimi. Mwizi haimuonyeshi." Ana haki kisayansi. Jicho linahitaji dakika 20 mpaka 30 kuzoea kiza sawasawa, na mwanga mweupe mmoja unalirudisha mwanzo. Akikaa chini ya taa kali, kila kitu nje ya duara lake ni wino. Nyekundu haiuharibu sana uwezo wa jicho kuona gizani. Na taa iliyokuwa imezimwa ikawaka ghafla ni habari. Inamwambia mlinzi kwamba pale, kwenye ile njia, kuna kitu kimesogea. Taa inayowaka usiku kucha haimwambii lolote. Ukitaka, ongeza mlio mdogo kwenye kibanda chake. Hiyo ndiyo taa inayoitikia, ndugu zangu, na imemsaidia mtu.

Hoja ya pili ni mgeni. "Wageni wanapenda rangi." Sawa, wapewe. Sina ugomvi na rangi. Kuna harusi, kuna sikukuu, kuna ukumbi wenye kuta nne, kuna upande wa barabara ambako hata helikopta ikitua hakuna kasa atakayejua. Wekeni upinde wa mvua huko mpaka macho yaume. Ninachokataa ni upande wa bahari, na hasa ile tabia ya kuacha vikiwaka baada ya mgeni wa mwisho kwenda kulala. Kwani saa tisa za usiku rangi zinamfurahisha nani? Kule Omani, Ras al-Jinz, watu wanasafiri kutoka mbali na kulipa ili wapelekwe usiku kwenye ufuo wenye kiza kuona kasa wakitaga. Kiza chenyewe ndicho bidhaa. Sisi tunacho bure, tunakifukuza kwa gharama.

Mwenye nyumba mmoja, jina lake nalihifadhi, aliniita nimfungie mkanda wa mita 40 juu ya ukuta wa mwisho kabisa, ule unaogusana na mchanga, rangi ya bluu inayopumua. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Akanisikiliza kwa heshima, akaniambia nisipofunga mimi atafunga mwingine. Ni kweli, na alifunga mwingine. Huyo mwingine ni fundi mzuri kuliko mimi kwa lehemu, viungo vyake vinang'aa, waya zake zimenyooka. Ndiyo maana nimewaandikia ninyi badala ya kumwandikia mwenye nyumba. Mwenye nyumba haijui WS2812B, hajui nanomita 520. Anajua tu kwamba fundi alisema inawezekana. Wa kwanza kusema "upande huu haifai, lakini upande ule nitakufungia" lazima awe mtu anayeshika bodi mkononi. Na nyinyi mnaofundisha vijana wa shule za Kwale mambo haya, jambo ambalo nawapongeza kwa dhati, basi somo la pili liwe taa inayojizima. Inafundisha sensa, muda, hali za programu na uamuzi. Upinde wa mvua unafundisha kunakili.

Wengine husema taa ndogo za koteji si kitu, waulizwe wenye hoteli kubwa. Waulizwe, ndiyo. Lakini mtoto wa kasa hatambai kilomita tatu kwenda kwenye hoteli kubwa. Anatambaa kuelekea mwanga ulio karibu na kiota chake, na huo unaweza kuwa wako.

Jambo la mwisho ni la kimo. LED ya machungwa iliyowekwa juu ya nguzo ya mita tatu bado inaonekana kote ufuoni, na kasa wataiona. Iweke chini, kama sentimita 40 kutoka ardhini, iwe na kofia, ielekee kwenye njia na mgongo wake uwe baharini. Ukimaliza kufunga, usikague kutoka barazani. Ngoja usiku usio na mwezi, teremka mchangani mpaka pale maji ya bamvua yanapofika, lala kifudifudi, kidevu kiguse mchanga, uitazame nyumba. Ukiiona LED yenyewe, kofia haitoshi. Ukiona ukuta mweupe nyuma yake unawaka, punguza asilimia au paka ukuta rangi nyeusi kidogo. Sogea hatua ishirini kushoto, lala tena. Kisha kulia. Mwambie askari wa nyumba ya jirani mapema kwamba ni wewe, maana mtu mzima anayetambaa mchangani saa nne za usiku akiwa na CD mkononi huwa ana kazi ya kujieleza.